Msumbiji si MO: Kireno kilivyonisumbua kwenye programu ya duka

Mara ya kwanza kupewa kazi ya kuandaa programu ya duka kwa ajili ya Msumbiji, niliandika pt-MO, msimbo unaoiambia kompyuta lugha na nchi: pt ni Kireno, na MO nilidhani ni Msumbiji. Nani angebisha? Wenyewe huiita Moçambique. Siku ya pili mteja wangu, mzee wa Mtwara mwenye ghala ng'ambo ya Ruvuma, akanipigia: "Kijana wangu, hii MOP$ kwenye risiti ni pesa gani?" Ilikuwa pataca, pesa ya Makau. MO ni yao, na Kireno ni lugha rasmi huko hadi leo, kwa hiyo kompyuta haikuona kosa lolote. Msumbiji ni MZ.

Kwa woga nikaitoa nchi kabisa, nikabakiza pt tupu. Hapo ndipo wengi tunateleza. Katika CLDR, hazina ya Unicode (shirika la viwango vya maandishi ya kompyuta) ambamo mifumo mingi huchota kanuni za lugha, pt bila nchi ni Kireno cha Brazili. Msumbiji, sawa na Angola, hurithi kutoka pt-PT, yaani Ureno. Usidhani ni jambo la lafudhi tu. Faili kwa Brazili ni arquivo, kwa Ureno ficheiro. Mtumiaji ni usuário huku, utilizador kule. Skrini ni tela, au ecrã. Hata sifuri wanagombana: Brazili huihesabu kama umoja, Ureno kama wingi. Kapu tupu likisema "0 produto", mtu wa Pemba ya Msumbiji anaona umekosea sarufi.

Kwa hiyo mimi siku hizi naandika tafsiri nzima kwenye pt-PT, kisha pt-MZ naiwekea yale machache yanayotofautiana. Simu ya mkononi Ureno ni telemóvel, lakini dada mmoja wa Msumbiji, muuza vitenge, niliyemwonyesha skrini alicheka. Wao husema celular. Mtafute mtu wa namna hiyo mapema, kabla hujalipa mtafsiri.

Kilichonitoa jasho hasa ni koma. Mzee alikuwa na jedwali la bei lililoandikwa kwa mtindo wetu: gunia la mchele, 1,500. Nilipokwisha kuweka pt-MZ, programu ikaisoma koma kama alama ya desimali, na gunia likaingia kwa metikali moja na nusu. Bahati nzuri tuliliona kabla duka halijafunguliwa. Tangu hapo hifadhi yangu ya data haipokei koma wala nafasi, tarakimu tupu tu, na msimbo wa lugha unagusa namba pale zinapoonyeshwa kwa mtu. Pesa nayo naitaja waziwazi, MZN, yaani metikali ya sasa, sisubiri programu ibahatishe. Ukikuta MZM kwenye kumbukumbu za zamani, usizijumlishe hivyohivyo: hiyo ni metikali ya kabla ya mwaka 2006, walipokata sifuri tatu.

Saa haimo ndani ya msimbo huu. Maputo iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja, na lazima uiweke mwenyewe, Africa/Maputo, la sivyo ripoti ya mauzo ya siku itafungwa mapema.

Mambo madogo: kwenye wavuti ni kistari cha kati, pt-MZ, Linux hutumia kistari cha chini, pt_MZ, na folda ya Android ni values-pt-rMZ, hiyo r usiisahau.

Mzee sasa anataka na Kiswahili, maana wateja wake wa kaskazini wanakielewa. Nimeandika sw-MZ. CLDR haina data ya jozi hiyo, kwa hiyo maneno yanatoka kwenye sw ya kawaida, ila pesa inabaki MZN kwa sababu niliitaja. Kimakonde, kde, ameniambia nisubiri kwanza alipe deni la awamu hii.