Jibu kwa aliyeuliza: mama ana baridi yabisi, mbona apewe dawa ya kushusha kinga?

Dada uliyeandika kutoka Kisumu, umeuliza swali ambalo mimi mwenyewe niliuliza mwaka wa 2017: ikiwa methotreksati inashusha kinga ya mwili, mbona apewe mama ambaye tayari anaugua, na je, si afadhali aiache atumie mitishamba ya kuongeza kinga aliyoletewa na shangazi yako? Nakujibu kama mgonjwa, si kama daktari. Asiiache kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu ugonjwa huu hautokani na upungufu wa kinga.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Njoro, na dalili yangu ya kwanza ilikuwa kushindwa kushika chaki. Vifundo vya vidole vilivimba katika mikono yote miwili, vikawa vinakakamaa tangu alfajiri hadi karibu saa nne ndipo vilegee. Majirani walilaumu baridi ya Njoro, na lugha yetu iliwaunga mkono, kwani jina baridi yabisi linatokana na utabibu wa kale uliopanga maradhi kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Nilivaa glavu za sufu hata darasani, nikapoteza karibu mwaka mzima ambao ningekuwa nimeanza matibabu, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilivyopinda katika kipindi hicho havijanyooka mpaka leo. Baridi yaweza kuzidisha maumivu, lakini mama yako ameugua akiwa kwenye joto la ziwa.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya kiungo kuna utando mwembamba unaotoa majimaji ya kukilainisha. Chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kuwasaka wadudu wa maradhi, huugeukia utando huo kana kwamba ni adui, hukusanyika humo, na kutoa kemikali za kuitana na kuchocheana. Daktari wangu alinichorea mbili kwenye karatasi, TNF na interlukini-6. Utando huvimba na kunenepa, hutambaa juu ya gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, na kuila, kisha hufika kwenye mfupa. Kingamwili zinazoitwa anti-CCP, ambazo pengine umeziona kwenye majibu ya maabara, huweza kuwamo damuni miaka kadhaa kabla ya kidole chochote kuvimba. Kwa hiyo kumwongezea mama yako kinga, hata kama mitishamba ya shangazi ingekuwa na uwezo huo, ni kumwongezea silaha askari anayebomoa nyumba aliyopewa ailinde.

Methotreksati humtuliza askari huyo. Ni kweli kwamba hutibu saratani pia, lakini huko hutolewa kwa kipimo kikubwa zaidi. Kwa ugonjwa wetu humezwa mara moja tu kwa wiki, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu mhudumu mmoja wa duka la dawa aliniandikia kwenye bahasha kwamba nimeze kila siku. Siku ya tisa kinywa changu kilijaa vidonda, na damu ilipopimwa ilionekana kwamba chembe nyeupe zimeshuka mno, nikalazwa. Kosa hilo huweza kuua. Muulize mama yako leo hii anameza lini, na kama amepewa asidi ya foliki ya kumpunguzia madhara. Damu na ini vipimwe kila baada ya muda atakaopangiwa, na pombe aiweke mbali.

Prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza uvimbe haraka, ni hadithi nyingine. Ilitokana na njia iliyofunguliwa mwaka wa 1948, Philip Hench wa Mayo Clinic kule Marekani alipompa kotisoni mwanamke aliyekuwa hawezi kutembea, naye akasimama na kutembea baada ya siku chache. Nafuu hiyo ya haraka ndiyo inayowashawishi wagonjwa wenzangu kuinunua bila cheti kwa miaka, hadi mifupa ikadhoofika na sukari ikapanda.

Hata hivyo, hofu yako ina msingi, na dawa za sindano zinazoizuia TNF, ambazo watafiti Ravinder Maini na Marc Feldmann walianza kuwajaribishia wagonjwa London mwaka wa 1992, zinaonyesha ni kwa nini. Watu wengi wamebeba vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala, vikiwa vimezungushiwa ukuta wa chembe za kinga, na TNF ileile inayochoma viungo ndiyo inayoushikilia ukuta huo usianguke. Ndiyo maana mtu huchunguzwa kifua kikuu kabla ya kuanza sindano hizo. Mimi sizitumii, kwani bei yake iko mbali sana na mshahara wangu, lakini methotreksati pamoja na haidroksiklorokwini vimenirudisha ubaoni.

Kwa kuwa mko Kisumu, niongeze kwamba haidroksiklorokwini, ijapokuwa ni ndugu ya klorokwini, ile dawa ya malaria iliyotuwasha ngozi tulipokuwa wadogo, isimfanye mtu adhani mama amekingwa na malaria iwapo naye atapewa. Akipata homa apimwe siku hiyohiyo, na kila anayemtibu aambiwe kwamba anatumia methotreksati, hasa kabla ya kumwandikia Septrin, dawa ya kuua bakteria, kwa maana dawa hizo mbili zikikutana huweza kuzuia utengenezaji wa damu.

Mimi humeza vidonge vyangu Ijumaa jioni na asidi ya foliki Jumatatu, na siku hizo nimezizungushia wino mwekundu kwenye kalenda iliyo nyuma ya mlango wa jikoni. Mama yako akishathibitisha siku yake na daktari, mwandikie kwa herufi kubwa juu ya pakiti yenyewe.