Kutafuta Programu kwa Barua Pepe: Anza na Jina la Faili

Mwaka 1996 nilikuwa nikitunza kompyuta tatu za kampuni ndogo ya utalii karibu na Mnara wa Saa, hapa Arusha, na intaneti yetu ilikuwa barua pepe peke yake. Modemu ilipiga simu Dar es Salaam asubuhi na jioni, ikapokea barua na kutuma zetu, kisha ikakata. Kwa njia hiyo nyembamba nilipata karibu kila programu niliyoihitaji. Vijana wawili wanaofufua kompyuta kuukuu za DOS, mfumo endeshi uliotangulia Windows, wameniuliza tulifanyaje, nami nawajibu kwa sababu sehemu kubwa ya ujuzi ule ingali inafaa.

Tulitegemea Archie, mfumo ulioandikwa na Alan Emtage katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, na kuanza kutumika mwaka 1990. Ulikusanya orodha za mafaili yaliyowekwa wazi kwenye seva za FTP, yaani kompyuta za kugawia mafaili kwenye intaneti. Asiye na intaneti kamili aliituma amri yake ndani ya barua: neno «find», jina la faili, na mstari wa mwisho «quit». Jibu lilitaja seva, saraka, ukubwa wa faili na tarehe yake.

Lakini Archie ilijua majina tu; kilichomo ndani ya faili haikukijua. Mara ya kwanza nilihitaji kihariri cha maandishi, nikaandika «find edit», na kesho yake asubuhi modemu ikakaa hewani muda mrefu ikishusha mamia ya mistari isiyo na faida, huku kila dakika ikilipiwa kwa bei ya simu ya mbali. Jina la faili la DOS lilikuwa na herufi nane na nyongeza ya tatu, kwa hiyo PKZIP, programu ya kubana mafaili, toleo la 2.04g, ilijulikana kama pkz204g.exe, jina ambalo hakuna mtu angelibahatisha. Ndiyo maana nasisitiza: tafuta kwanza faili la orodha. Katika SimTel, hifadhi ya programu za DOS, liliitwa 00_index.txt, na kila programu ilielezwa humo kwa mstari mmoja. Ukilisoma kwa utulivu jioni moja, unajua jina kamili la kuuliza.

Baada ya kujua faili lilipo, uliliagiza kwa ftpmail, huduma iliyolichukua faili kwenye seva ya FTP na kukutumia kwa barua pepe. Kwa kuwa barua pepe ilibeba maandishi tu, faili liligeuzwa kuwa maandishi kwa uuencode, ambayo hufanya kila baiti tatu kuwa herufi nne, na hivyo mzigo ukaongezeka kwa zaidi ya theluthi. Kisha ulikatwa vipandevipande. Nakumbuka programu moja ya kutunza anwani za wateja iliyokuja katika barua saba. Nilifuta vichwa vya barua kimoja kimoja, nikaunganisha kuanzia mstari wa «begin 644» hadi «end», na karibu kila mstari kati yake ulianza na herufi M. Lakini barua ya nne haikufika. Nililazimika kuagiza upya zote saba, na tangu siku hiyo sikuagiza faili bila kusoma ukubwa wake kwanza.

Leo msihangaike na ftpmail. Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, wamehifadhi nakala nyingi za CD za programu hizo, zikiwemo za SimTel; fungueni 00_index.txt kabla ya kupakua chochote, mtaokoa bando.

Kuna jambo moja ambalo naliona ni la heshima. Nyingi kati ya programu hizo ni sheawea, yaani mwandishi alikupa uijaribu kwanza ndipo umlipe. Kumlipa kutoka Arusha kulikuwa kazi. Mimi nilimpa mgeni aliyekuwa akirudi Marekani bahasha yenye dola na fomu niliyoijaza kwa mkono, akaiposti huko. Anwani nyingi za wakati ule huenda hazifiki tena kwa mwenyewe. Hata hivyo, someni faili la maelezo lililofungwa pamoja na programu, na mlitafute jina la mwandishi, kwa kuwa baadhi yao baadaye waliruhusu kazi zao zitumike bure.