Jibu: Hati ya Patmo ilitolewa 1088 au 6596?

Ndugu, umeuliza kwa nini hati moja ya monasteri ya kisiwa cha Patmo, Ugiriki, inatajwa kuwa ya 1088 na kwingine 6596. Zote sahihi. Wabizanti, yaani watu wa Dola ya Roma ya Mashariki, walihesabu miaka tangu kuumbwa ulimwengu, na mwaka wao ulianza Septemba 1.

Ili kupata mwaka wetu kutoka wao, tazama mwezi kwanza. Januari hadi Agosti toa 5508. Septemba hadi Desemba toa 5509. Hati hii, ambayo kwayo Kaisari Alexios I Komnenos alimpa mtawa Christodoulos kisiwa kizima, ni ya Aprili: 6596 − 5508 = 1088. Wengi hutoa 5508 mwaka mzima, ndiyo maana tarehe zao za Oktoba zinaruka mwaka mmoja mbele.

Kisha hakiki kwa indiktio, yaani mzunguko wa miaka 15. Gawanya 6596 kwa 15, inabaki 11, basi ni indiktio ya 11 (ikibaki sifuri, ni ya 15). Hati ikitaja indiktio nyingine, huenda kuna aliyekosea kunakili.

Ila tarakimu zao ni herufi za Kigiriki, na mwandiko wa mkono hupotosha. Ukitumia picha ya hati yenyewe, mwonyeshe msomi wa maandishi ya kale kabla hujachapisha.