Unasoma Saikolojia? Anza na Lugha ya Kwenu

Kila likizo ndefu, hapa Malindi, sikosi kutembelewa na mwanafunzi mmoja au wawili wa saikolojia, aghalabu wametumwa na wazazi wao, wakitaka kujua shahada ile itawafikisha wapi. Mzazi huwa ameshajijibu: mtoto akihitimu atafungua ofisi, aweke kibao na aitwe daktari. Hulazimika kuanza kwa kuwakatisha tamaa kidogo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2014 kuhusu washauri nasaha na wanasaikolojia hairuhusu mtu kutoa huduma hizo bila kusajiliwa na bodi iliyoundwa na sheria hiyo, na anayetaka kuwatibu wagonjwa hospitalini ajiandae kusoma hadi uzamili. Kwa kibao, basi, shahada ya kwanza pekee haitoshi. Inatosha kwa mambo mengine, ambayo mimi mwenyewe nilichelewa kuyaona.

Nilipokuwa mwaka wa tatu katika chuo kimoja jijini Nairobi, niliandika barua kumi na nne za kuomba nafasi ya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, zote kwa ofisi za huko huko Nairobi na zote kwa maneno yale yale, nikibadilisha jina la mpokeaji tu (katika mbili nilisahau hata hilo). Ofisi moja ilinikubali. Kwa wiki nane nilitoa nakala na kupanga mafaili, nikarudi nyumbani bila jambo lolote la maana la kuandika katika wasifukazi wangu.

Kilichonizindua ni kibarua nilichokipata likizo hiyo, cha kusaidia kutafsiri hojaji ya kupima sonona (depression). Ilikuwa ile ya maswali tisa iitwayo PHQ-9, ambayo humuuliza mtu jinsi alivyokuwa katika wiki mbili zilizopita. Katika swali la pili tuliandika “kuwa na huzuni”, nasi tukaona tumemaliza. Nilipomsomea bibi mmoja wa mtaa wa Maweni, ambaye hata jirani asiyesoma angeona kwamba hayuko sawa, alinitazama kwa huruma, akaniambia, “Huzuni ni ya aliyefiwa, mwanangu. Mimi sikufiwa.” Nilimuuliza yeye angelisemaje. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba moyo wake ni mzito, hana raha na lolote, na mawazo hayamwachi hadi adhana ya alfajiri. Kwa alama zetu, bibi yule alikuwa amepata sifuri katika swali hilo. Ikabidi tuliandike swali upya, tumpe mtu mwingine alirudishe katika Kiingereza bila kuona la asili ili tulinganishe, kisha tukalijaribu tena mitaani, barazani kwa wazee na kwa vijana wa bodaboda.

Mwaka 2010, Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walionyesha kwamba elimu ya saikolojia imejengwa mno juu ya watu wa nchi za Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo vyao, ambao hawawezi kuwa kielelezo cha wanadamu wote. Hoja hiyo nilikuwa nimeisoma darasani na kuijibu vizuri katika mtihani, lakini maana yake niliielewa siku ile kwa bibi. Ndiyo sababu nawaambia wanafunzi wa Pwani kwamba lugha wanazozijua, Kiswahili cha nyumbani pamoja na Kigiriama, ni ujuzi wa kazi, na waziandike kama ujuzi.

Wala hawahitaji kwenda mbali. Mwendo wa kama saa moja kwa matatu kutoka hapa kuna Kilifi, ambako mpango wa utafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, umekuwapo tangu mwaka 1989, nao umechunguza, pamoja na malaria, ukuaji wa ubongo wa watoto na kifafa. Huko ndiko kilikotengenezwa kipimo cha makuzi ya watoto wadogo kinachobeba jina la Kilifi, kazi iliyomhusisha mwanasaikolojia Profesa Amina Abubakar. Hapa Malindi kwenyewe, Omari Project imewahudumia watumiaji wa heroini tangu miaka ya 1990. Mwanafunzi anayeomba kujitolea mahali kama hapo aeleze anachoweza kufanya: kuhoji watu, kunakili mahojiano yaliyorekodiwa, kuingiza data, kuchambua takwimu kwa programu ya R, ambayo hailipiwi. Barua isemayo tu kwamba unapenda kusaidia watu haimpi msomaji wake kazi ya kukupa.

Kuhusu ufadhili wa uzamili, nitaje miwili tu. Mandela Rhodes huwasomesha Waafrika wenye umri wa miaka 19 hadi 29 katika vyuo vya Afrika Kusini. Chevening, wa Uingereza, hudai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na kazi ya kujitolea huhesabiwa. Kwa hiyo mwaka ule wa kukaa nyumbani baada ya kuhitimu, ambao majirani huuona kuwa wa uvivu, unaweza kuwa na faida iwapo utaandika saa zako daftarini na kumwomba msimamizi atie sahihi kila mwezi. Mimi sikufanya hivyo, na miaka miwili baadaye nilihangaika kumtafuta mtu aliyekwisha kuhama kazi.

Mwanafunzi wa mwisho kunijia alikuwa binti wa mwaka wa pili kutoka upande wa Ganda. Alileta barua safi ya kurasa mbili yenye masomo yote aliyofaulu na semina alizohudhuria. Nilimuuliza nyumbani kwao wanazungumza nini. Akanijibu kwamba ni Kigiriama, na kwamba yeye ndiye humsindikiza nyanya yake kliniki na kumweleza maneno ya daktari. Barua nzima haikuwa na hata neno moja juu ya hayo, nami nikamrudisha akaiandike upya, hilo liwe katika aya ya kwanza.