Maswali ya Wasomaji: Mawingu ya Vuli na Taarifa ya Juma

SWALI: Taarifa ya juma ilisema "mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua". Nikaanika karafuu, mvua ikazikuta jamvini, na kijiji cha pili jua linawaka. Taarifa ya namna hii naitumiaje? (Wete, Pemba)

JIBU: "Maeneo machache" hayasemi kama mvua ni kubwa au ndogo. Yanasema itaenea wapi: ndani ya mkoa, sehemu chache zitapata na nyingi zitakosa. Wala hakuna mtaalamu awezaye kukutajia kijiji siku tatu kabla. Ukisoma "baadhi ya maeneo", eneo limepanuka. Ukisoma "maeneo mengi", karafuu zibaki ndani. Uzito wa mvua hutajwa kando, kwa maneno kama "nyepesi" na "kubwa". Mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, na kila milimita moja ni lita moja kwa mita ya mraba. Paa la mita 6 kwa 8 likipigwa na milimita 50 hupokea lita 2,400.

Siku mbili tatu za mwanzo za taarifa zinafaa kupangia kazi. Ya sita na ya saba zichukue kama mwelekeo tu. Shida yako ni kwamba karafuu hutaka siku nne hadi tano za jua zuri, kwa hiyo mwisho wa kuanika daima huangukia siku zisizo na uhakika. Usitandaze mavuno yote kwa pamoja. Anika kiasi ambacho watu waliopo nyumbani wanaweza kukianua kwa dakika kumi, turubai likiwa karibu. Kisha tazama juu: mawingu ya mafungu (kumulasi) yakiwa mapana kuliko urefu wake, endelea na kazi. Yakianza kurefuka kwenda juu kabla ya saa 6 mchana, kaa tayari. Visiwani mvua hupenda pia usiku na alfajiri, basi jamvi lisilale nje hata kama jioni mbingu ilikuwa nyeupe.

Zikilowa zikiwa nusu kavu, usizirundike wala kuzitia guniani. Rundo hupata joto, karafuu huchacha, hupauka na kunyauka, na daraja hushuka. Zitandaze nyembamba chini ya paa penye kupitisha hewa, uzigeuze mara kwa mara mpaka jua litoke.

SWALI: Kitabu kinataja mawingu matatu ya vipande vipande, nami yote nayaona sawa. (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Tumia vidole. Lipe jua mgongo, chagua vipande vilivyo juu vya kutosha, si vile vya pembeni mwa upeo, kisha nyoosha mkono. Kipande kikifichwa na kidole kidogo kimoja, ni sirokumulasi, wingu la juu sana. Kikiwa kati ya kidole kimoja na vitatu, ni altokumulasi. Kikizidi vidole vitatu, ni stratokumulasi, na kitako chake kwa kawaida kiko chini ya kilomita 2. Majina haya ya Kilatini yalianzia kwa Mwingereza Luke Howard mwaka 1802. Leo jamii kuu za mawingu ni 10.

Kwako Morogoro kuna zoezi jingine zuri. Chukua jotoridi la hewa, toa kiwango cha umande (jotoridi ambalo hewa ikipoa kulifikia, umande huanza kutunga), zidisha kwa 125: unapata kimo cha kitako cha kumulasi kwa mita. Hewa ikiwa nyuzi 30 na umande nyuzi 22, jibu ni mita 1,000 juu yako. Mji uko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari na vilele vya Uluguru vinapita 2,600, basi vitafunikwa. Mlima kuvaa wingu hivyo si dalili ya mvua mjini. Ni hewa yenye unyevu iliyopandishwa na mteremko ikapoa.

SWALI: Duara kuuzunguka mwezi, ni mvua kesho?

JIBU: Huku kwetu, si lazima. Duara hilo hutokana na chembe za barafu ndani ya sirostratasi, wingu jembamba la juu sana linalotanda kama utando. Vitabu vya Ulaya huliunganisha na mvua kwa sababu kule wingu hilo mara nyingi hutangulia mfumo mzima wa mvua. Karibu na ikweta mara nyingi ni mabaki ya dhoruba iliyonyesha mbali na kwisha.

SWALI: Tunavua dagaa usiku. Kwa nini dhoruba hutukuta karibu na alfajiri, na tukimbie lini? (Ukerewe)

JIBU: Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Upepo huvuma kutoka pande zote za nchi kuelekea ziwani, hukutana katikati na kuisukuma juu hewa ya vuguvugu yenye unyevu. Mchana mambo hugeuka, dhoruba huzaliwa nchi kavu. Pepo za mashariki huzisukuma zile za usiku kuelekea magharibi, ndiyo maana Bukoba, iliyo pwani ya magharibi ya ziwa, hupata mvua nyingi kuliko Musoma, iliyo mashariki.

Wingu lenyewe ni kumulonimbasi: kilele chake huweza kupita kilomita 15 na kutandazika kama fuawe la mhunzi. Gizani hulioni, ila nyota hutoweka upande mmoja na umeme huwaka bila sauti. Ondokeni hapo hapo. Mkisikia ngurumo, hesabuni sekunde tangu mmweko, mgawanye kwa tatu: sekunde 30 ni kilomita 10, na dhoruba yenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa itawafikia kwa dakika 20. Kasia halitoshi tena.

Kinachopindua mtumbwi kwa kawaida ni upepo, si mvua. Hewa baridi huporomoka pamoja na mvua, hugonga maji na kutangulia mbele, hivyo utulivu ukifuatwa ghafla na ubaridi usoni, tanga lishushwe, maboya yavaliwe, omo (mbele ya chombo) ielekee mawimbi. Baada ya ngurumo ya mwisho subirini dakika 30 kabla ya kurudi majini.