Bampa za Marekani: kanuni ipo, ila haikubebi sana

Mkuu, umeuliza inakuwaje gari lako likaguswa nyuma na pikapu kwenye maegesho, mwendo wa kinyonga, halafu makadirio ya gereji yaje ya kutisha, wakati "serikali ya Marekani inalazimisha bampa zihimili kugongwa". Mimi nanyoosha bodi hapa Ohio, na kazi za namna hiyo ndizo zinazonilisha, kwa hiyo ngoja niende kwa kirefu.

Kanuni ipo kweli. Ila wengi wanadhani imewekwa kuokoa roho, kumbe hasa inaokoa mfuko. Ya kwanza ilianza na magari ya modeli ya 1973: gari ligonge ukuta kwa maili 5 kwa saa mbele, 2.5 nyuma, na taa na mfumo wa mafuta vibaki salama. Baadaye ikakazwa, hadi kufika modeli za 1980 bampa lenyewe halikuruhusiwa kubonyea hata sentimita moja. Mercedes za miaka ile zilizouzwa huku utazijua tu kwa mabampa yaliyotokeza kama meza, nyuma yake yakishikiliwa na shokapu. Mabaya kwa sura, lakini kazi yalifanya.

Mwaka 1982, enzi za Rais Reagan, idara ya usalama barabarani, NHTSA, ikashusha kiwango hadi maili 2.5 mbele na nyuma, kwa hoja kwamba uzito na bei ya mabampa yale vilizidi faida yake. Watetezi wa wanunuzi walipiga kelele, haikusaidia. Maili 2.5 ni kama kilomita 4 kwa saa. Mtu anayetembea kwa haraka zake anaipita hiyo.

Sasa njoo kwenye kesi yako. Kanuni hiyo inahusu magari madogo ya abiria tu, na inawataka watengenezaji walinde eneo la kati ya inchi 16 na 20 kutoka barabarani. Pikapu, SUV na minivan hazimo kabisa! Ndiyo maana bampa la pikapu mara nyingi linapita juu ya la kwako na kula mlango wa buti. Kwangu mimi huo ni upuuzi, maana barabara za huku zimejaa pikapu na SUV.

Halafu hilo unaloliona kwa nje ni kava la plastiki tu. Linabonyea, linarudi, unabaki na mkwaruzo unaoweza kuufuta kwa kitambaa. Ukilivua ndipo unakuta povu la ndani la kufyonza mgongano limepasuka vipande, klipu zimekatika, mabano ya sensa za kurudi nyuma yamepinda, na boriti ya chuma au alumini iliyolala nyuma ya povu imesogea upande mmoja. Boriti ikishapinda usikubali inyooshwe, ibadilishwe. Sensa nazo mara nyingi zinahitaji kupimwa upya, na hapo bili inaruka.

Kwa hiyo kabla hujagombana na gereji, omba picha zilizopigwa kava likiwa limevuliwa, uzitume kwa bima ya mwenye pikapu. Usisaini kwamba umelipwa yote kabla kava halijavuliwa, maana yakigundulika mengine baadaye watakuonyesha sahihi yako.