Mkojo Ukikutoka Unapokohoa: Bana Kabla ya Kikohozi

Juni na Julai ndiyo miezi inayoumbua wanawake wengi huku Mbeya, Njombe na Makete. Baridi kali, mafua kila nyumba, chai haikauki kikombeni, na mama wa watoto watatu anaenda soko la Mwanjelwa akiwa amejiwekea kitambaa. Akiuliza, anaambiwa uzazi ndivyo ulivyo, avumilie. Hapana, dada yangu. Mkojo unaotoka ukikohoa, ukicheka au ukijitwisha ndoo una tiba, na ya kwanza ni zoezi lisilo na gharama.

Chini ya nyonga, kutoka kinena hadi kifandugu, kuna misuli iliyotandwa kama kamba za kitanda. Imebeba kibofu, kizazi na utumbo wa haja kubwa. Mimba na kujifungua huilegeza.

Kojoa kwanza, kisha lala chali, magoti juu. Kaza njia ya haja kubwa kama unayezuia hewa mbele ya wakwe, kaza na njia ya mkojo, halafu vuta vyote kwa ndani, kuelekea juu. Hesabu hadi 6 ukiwa umekaza, legeza kabisa kwa muda uleule. Rudia mara 8, asubuhi, mchana na usiku. Ukizoea, hesabu hadi 10 ukiwa umekaza, kisha fanya umekaa, mwishowe umesimama.

Wengi huharibu hapa: wanakaza makalio na mapaja, wanabana pumzi, au wanasukuma chini kama wanaojifungua. Kusukuma kunazidisha tatizo. Jipime: ingiza kidole kisafi ukeni, ukaze. Kikibanwa na kuvutwa ndani, umepatia. Kikisukumwa nje, anza upya. Wala usifanye zoezi kwa kukatakata mkojo chooni. Kibofu hakitamaliza mkojo vizuri. Na usikate tamaa wiki ya pili, maana misuli hii hudai miezi 3.

Lipo jambo linalosaidia mapema zaidi: kubana sekunde moja kabla ya kukohoa au kunyanyua mzigo. Mwaka 1998 watafiti wa Michigan, Marekani, waliwafundisha hivyo wanawake 27 wa umri mkubwa waliokuwa na tatizo dogo. Baada ya wiki moja tu, mkojo uliovuja kwa kikohozi cha wastani ulipungua kwa takribani asilimia 98, na kwa kikohozi kizito asilimia 73.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na zaidi. Igawe safari mbili, au mtu akutwishe, nawe utoe pumzi wakati wa kunyanyuka. Choo kigumu nacho huchosha misuli hii. Kula mboga, maharage na parachichi.

Kama shida yako ni haja ya ghafla, unakimbia na hufiki, punguza chai ya majani na kahawa, lakini usiache maji: mkojo mzito hukera kibofu. Haja ikija, simama, kaza, isubirishe dakika 5. Wiki ijayo 10.

Mkojo ukiunguza au ukiwa na damu, nenda kituo cha afya. Ukitiririka mchana na usiku bila kukoma baada ya uchungu wa kujifungua wa muda mrefu, hiyo yaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na zoezi haliizibi. Inahitaji upasuaji. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, huitibu bila malipo. Mwambie muuguzi wa zahanati akuandikie rufaa.